Kambale Apangwa Golini

Mwalimu Malachie, kocha wao, alimkabidhi Phinées glavu kwa mikono miwili, na wachezaji wote wakapiga makofi. Hénock, kipa wa siku zote, ndiye aliyepiga kwa nguvu kuliko wenzake.

"Dimanche kule Beni, ni weye titulaire, ni weye unaanza golini," kocha alisema. "Ucheze tu vile unachezaka. Usibadilishe kitu."

Phinées hakushangaa. Kila mtu mwingine mwenye macho angeshangaa. Kijana huyu alikuwa amekalia benchi la timu yao ya Butembo tangu vita vianze, na vita vilianza zamani. Mazoezini mipira ilimpita juu, chini na pembeni, na mmoja uliwahi kumpita akiwa ameshaushika. Jina lake la nyumbani ni Kambale, ambalo Wanande humpa mtoto wa kiume wa pili, na mtaani kwao Bulengera watu walisema hata kuzaliwa alizaliwa wa akiba.

Yeye mwenyewe alijiona kipaji kilichofunikwa. Aliyemfunika ni Hénock, na sasa Hénock amejitoa kwa hiari.

Sababu Phinées aliijua, au alidhani anaijua. Mechi iliyopita kule Beni walicheza na timu ya wanajeshi. Kamanda wao, Kapinga, mtu wa Kasai mwenye kitambi aliyeletwa na vita, huvaa namba tisa mwenyewe. Siku ile alifunga mabao mpaka akachoka kushangilia. Kisha, badala ya kwenda kunywa bia yake, aliamuru Hénock afungiwe ndani ya kontena la kambini. Hénock alitoka kesho yake macho mekundu.

"Mi hapana rudi kule," ndilo jambo pekee alilosema mbele ya Phinées. "Mukono inaniuma." Na mkono wenyewe ulikuwa unabadilika: asubuhi wa kulia, jioni wa kushoto.

Kukataa mwaliko wa kurudiana kule Beni hakuwezekani. Kizuizi cha barabarani kilikuwa cha Kapinga, na akikasirika, hakuna gunia la maharage litakalopita. Timu ilihitaji kipa, na kipa akapatikana.

Phinées aliyaelewa mambo kwa akili yake. Kamanda anapenda mpira. Kaona kipa dhaifu, kamfungia. Angefanya nini kingine? Sasa yeye Phinées atamwonyesha kipa wa kweli yukoje, na glavu hizi hazitatoka tena mikononi mwake.

"Yaya," dada yake mdogo Agar alimwita kaka yake akimfulia jezi, "batu bote banakupenda gafla hivi, unaona ni bure?"

"Ni talent."

"Ya nani?" Agar aliuliza.

Jumapili baada ya ibada walipanda lori. Wenzake walimbebea mfuko, wakamkalisha mbele karibu na dereva, wakamlisha maandazi njia nzima. Hakuwahi kupendwa hivyo. Akiwa bado anatafuna, aliapa moyoni kwamba neno la kocha hatalifuata: leo hatacheza kama kawaida yake.

Lakini kawaida ina nguvu zake. Shuti la kwanza la Kamanda lilipita katikati ya miguu yake. La pili lilipita mahali alipokuwa amesimama kabla hajaruka. Phinées aligeuka kwa aibu kumtazama kocha, akamkuta anampungia mkono, meno yote nje.

"Vizuri sana, gardien," beki mmoja alimwambia kipa huyo. "Iendelee vile vile."

Kamanda naye alimtazama anavyogaagaa kwenye vumbi, akatikisa kichwa polepole, akaonekana kuridhika. Jambo hilo lilimuuma Phinées kuliko mabao yenyewe. Timu gani humpongeza kipa aliyefungwa?

Ikaja penalti. Kamanda aliuweka mpira, akarudi nyuma taratibu kwa sababu ya kitambi, akapiga. Phinées alifumba macho, akajirusha kwa moyo wake wote. Alipofumbua, mpira ulikuwa mikononi mwake.

Beki yule akaketi chini. Mwalimu Malachie akaanza kusali kwa Kinande, yeye ambaye siku zote husali kwa Kifaransa.

Kapinga alitembea mpaka golini, wanajeshi wawili nyuma yake. Kisha akamkumbatia Phinées.

"Tangu nifike hapa, batu banaachilia mupira ipite, banafikiri mi ni mutoto," alisema. "Ule mwenzako, mupira inaenda droite, yeye anaruka gauche. Ndiyo maana nilimutia ku kontena. Mi hapana penda uongo. Mais weye, unafungwa kweli, na unashika kweli."

Timu nzima ikapumua. Kocha aliacha kusali, akasogea karibu, akatangaza mbele ya wote kwamba siku zote alijua kijana huyu ana kipaji.

"Kesho batu yangu banapanda front, ku vita, upande ya Mambasa," Kamanda aliendelea. "Gardien yetu hapana iko tena. Donc huyu anabaki na sisi."

Kocha alikuwa wa kwanza kumpa Phinées mkono wa hongera. Aliuondoa mkono huo haraka, akawaita wengine waingie kwenye lori kabla jua halijashuka.

Mwanajeshi mmoja alileta kombati ya jeshi, imefuliwa na kukunjwa vizuri, yenye tundu moja dogo kifuani. Phinées aliigeuza mbele na nyuma, akicheka kwa furaha, kisha akauliza mbona haina namba.