Jina Chini ya Benchi

Bibi wasiyemjua alishuka gatini asubuhi ile, akaingia ndani ya mashua yao bila kupiga hodi. Vijana walikuwa wakifunga mizigo kwa siku ya mwisho ya mashindano ya kiangazi ya mashua.

"Bibi, umepotea?" Gwenael alitania. "Meli ya watalii ni ile pale."

Bibi aliinama. Alipapasa chini ya benchi, kisha akauvuta mkono wa Nolwenn, nahodha wao, na kuupeleka palepale. Nolwenn akagusa herufi zilizochongwa kwa kisu: MAEL.

"Mwanangu," bibi alisema. "Alikuwa na umri wenu. Wimbi lilimchukua kwenye Mwamba wa Kengele, akiwa ameketi hapa hapa."

Wiki nzima vijana walikuwa wamekalia benchi lile wakiimba nyimbo za mababu zao.

"Zamani kila mashua ilishusha tanga ikipita pale, kuwaheshimu waliozama," bibi aliongeza. "Siku hizi hakuna inayoshusha."

"Sisi tutashusha," Nolwenn alisema.

Alasiri walikuwa wakiongoza. Washindi wangezawadiwa safari ya kuvuka hadi visiwani, na Nolwenn alikuwa akiviota visiwa hivyo tangu utotoni. Mwamba ukatokea, mweusi, umejaa ndege.

"Shusheni tanga."

"Noli, tumeshashinda!" Gwenael alilalama. "Tutashusha tukirudi!"

"Shusha, Gwen."

Tanga likawaangukia magotini. Mashua ya pili ikawapita kwa vicheko na miluzi. Nolwenn akaliita jina lile, kisha wote wakaliita, na mbali ufukweni bibi akainua kitambaa cheupe.