Usaili wa Mama

Siku hizi makampuni ya Osaka hayamsaili mwombaji kazi. Humsaili mama yake. Ndivyo Bi Chizuru alivyojikuta mbele ya maofisa watatu kwa ajili ya mwanawe, Kazuma.

"Mama, akiamrishwa jambo, Kazuma hubisha?"

Kazi za namna hiyo, za kutii bila kupumzika, ndizo zilizomuua mumewe kwa uchovu. Mara mbili, kwenye makampuni mengine, alikwisha kudanganya kuwa kijana ni mbishi ili kumwepusha nazo, na mara mbili Kazuma alikataliwa, akajifungia chumbani wiki nzima.

"Hajawahi kubisha," akasema.

Wakatabasamu. Kazuma angeanza Aprili.

Nyumbani alimpa habari. Kazuma hakumkumbatia. Aliinama hadi kiunoni, akabaki hivyo, mpaka mama akatambua kwamba anangoja kuruhusiwa kuinuka.