Mtaro Mbele ya Msikiti

Nyange alipofunguliwa bandeji za macho hospitalini, alikataa kushikwa mkono. Tangu mtoto wa jicho amtie kiza, mkewe Siwema ndiye aliyemwongoza kila aendako. Leo alitaka kurudi nyumbani kwa miguu yake, watu wamwone.

"Haya, baba, tangulia," alisema Siwema. "Mimi niko nyuma yako."

Lakini kuona kulimchanganya. Watu aliozoea kuwasikia tu sasa walimjia wote kwa pamoja, naye akawa anampisha kila mmoja, hata mbuzi. Mbele ya msikiti akasimama kabisa. Mtaro mweusi ulikuwa umeikata barabara nzima.

"Siwema, hapa wamechimba lini?"

Siwema aliuma mdomo asicheke. "Ruka tu, mume wangu. Si mpana."

Nyange akapandisha kikoi, akavuta pumzi, akaruka. Siwema naye akajifunga kibwebwe, akaruka. Mama mmoja mwenye kapu la nyanya, alipowaona, akaruka bila kuuliza.

Nyange akageuka kumtazama muuza kahawa aliyefuata. Alipokuwa hewani, weusi wa mtaro ukampanda kanzuni, ukateleza hadi miguuni, na kanzu ikabaki nyeupe pepe. Nyange akainua macho polepole, akauona mnara na jua nyuma yake.

"Kumbe ni kivuli!"

"Ni kivuli," alisema Siwema, akicheka mpaka akashika mbavu. Nyange alikuwa hajauona uso huo ukicheka kwa miaka mingi. Akampa mkono amshike, na nyuma yao mtaa mzima uliendelea kuruka.