Matusi ya Msema Kweli

Tekla alipompigia Suhaib kwa mara ya tatu asubuhi ile, hakusalimia.

"Unamtoa au humtoi?"

"Sista, mie kwangu simfungi mtu mdomo," Suhaib alijibu kutoka Mbezi Beach, sauti imetulia kama ya mtu aliye katikati ya chai. "Si ndiyo maana tulitoka kule kwenye mitandao ya makampuni makubwa? Tulitaka uhuru."

"Uhuru wa kumtukana mama wa watu kila siku?"

"Asimsome basi."

Tekla alihisi damu inampanda kichwani. Kibaraza, mtandao wake mdogo wa wanawake, alikianzisha yeye mwenyewe, baada ya kuchoshwa na mitandao ambako ukilalamika kwamba umetukanwa, unajibiwa na mashine. Hiki hakikuwa cha kampuni yoyote. Kilikaa ndani ya kompyuta ndogo juu ya kabati la vyombo, nyumbani kwake Kipawa. Wanawake wa Temeke, Kunduchi na kwingineko walikutana humo, wakajiwekea sheria, wakabishana juu ya kila moja mpaka wakaelewana. Watu wengine walikuwa na vibaraza vyao, kila kimoja na mwenyewe, na vyote vimeungana, hivyo aliyejisajili kwa Suhaib aliweza kumjibu aliye kwa Tekla.

Kwa Suhaib ndiko alikotokea mtu aliyejiita Msema Kweli.

Huyo alikuwa na mtu wake mmoja tu wa kumwandama: Asifiwe wa Kunduchi, mwoka keki, mwanamke asiye na neno na mtu. Asifiwe akiweka picha ya keki, chini yake jamaa anaandika: "Mikono ya kuunguza tu hiyo." Asifiwe akisema leo hajisikii vizuri, anajibiwa: "Gunia wewe, umezoea kudeka." Kisha ikaja siku ile: "Mimba tatu zimekushinda, bado unajiita mwanamke."

Tekla aliyasoma maneno hayo, akailaza simu kifudifudi mezani. Habari za mimba kuharibika hakuwahi kumwona Asifiwe akiziandika popote.

"Huyu mtu anakujua," alimwambia kwenye simu.

"Ananijua," Asifiwe alisema. "Ila msiyafute, dada Tekla. Acheni watu wayasome."

Tekla alidhani ni woga. Alimheshimu, akayaacha, huku kila akifungua Kibaraza anasaga meno. Wenzake walimjia juu: sheria tulizitunga za nini? Farida wa Temeke, ambaye naye mimba ilikuwa imetoka juzi juzi tu, aliyasoma yale akajitoa bila kuaga mtu. Hapo ndipo uvumilivu wa Tekla ulipokwisha, na ndiyo maana asubuhi hii alikuwa amempigia Suhaib mara tatu.

"Nisikilize, Suhaib. Usipomfuta leo, nakata mawasiliano na kwako. Na wenzangu wote wanakata. Mtabaki mnapigiana kelele wenyewe kwa wenyewe huko."

Tekla akasikia vidole vya Suhaib vinagonga kibodi, kwa hasira.

"Haya, nimemfuta. Kila alichoandika tangu siku ya kwanza, kwangu na kwako. Hata mie siwezi kukirudisha." Akasonya. "Na namba aliyojisajilia nakutumia. Mkagombane wenyewe huko, msinisumbue tena."

Tekla alijua kabisa kwamba haifai. Kumfukunyua mtu na kutoa siri zake kulikatazwa Kibarazani kuliko kitu kingine chochote. Lakini hasira zilikuwa zimeshamfika kooni. Aliingiza ile namba kwenye simu kama anayetaka kuitumia hela, jina la mwenye laini likatokea.

Erasmus Mwakalinga. Mume wa Asifiwe.

Hakubadilisha hata kanga. Alitoka vilevile.

Kule Kunduchi, Erasmus mwenyewe ndiye aliyemfungulia mlango, shati jeupe limenyooka, tabasamu usoni. Alikuwa mzee wa kanisa, na wanandoa wa mtaa mzima wakigombana, kwake ndiko walikopelekwa kupatanishwa.

"Karibu sana, dada. Asifiwe, una mgeni wako huku."

Tekla alikataa kiti. Asifiwe alitokea jikoni, unga umemjaa mikononi.

"Nimekuletea habari njema," Tekla alimwambia. "Msema Kweli hayupo tena. Kila alichoandika kimefutwa."

Asifiwe alishika mgongo wa kochi. "Chote?"

"Chote. Hakuna hata mstari uliobaki."

Asifiwe akafumba macho. Tekla akamgeukia Erasmus.

"Lakini kichwani mwangu yamebaki yote, shemeji. Sijasahau hata moja." Akaanza kuyataja. La mikono ya kuunguza. La gunia. La mimba tatu. Aliyataja mengine ambayo asingeweza kuyarudia mbele ya mama yake, sauti ikizidi kupanda, mpaka Mwanakombo, jirani aliyekuwa akifua uani, akaacha kufua na kusogea dirishani. "Mwanaume mzima, mtu unaheshimika, unajificha nyuma ya jina la bandia kumwandikia mkeo mambo kama haya. Namba ni yako. Jina ni lako. Sema sasa, tukusikie."

Lile tabasamu lilimtoka Erasmus polepole, akabaki ameduwaa kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta ameibiwa.

"Mie sijawahi kuandika maneno hayo popote," alisema hatimaye. Kisha akamtazama mkewe. "Kumbe nikikuambia kitu chumbani, unakwenda kukiandika?"

"Kwa namba yako. Neno kwa neno," Asifiwe alimjibu.