Kabla ya Tonge la Kwanza

Msako wa wahamiaji ulipofika mtaa wetu hapa Kasulu, mwaka ule wa 2013, nilikuwa nimeshamvisha Uwimana, msichana niliyemhifadhi nyumbani, ushungi wangu.

"Binti wa kaka yangu, ametoka Ujiji," nilimwambia askari. Uwimana mwenyewe nilimkataza kusema. Alizaliwa Burundi, kibali hana, na lafudhi ingemfichua.

Askari alitukuta tunaanza kula, wenzake wamebaki nje. Sikuwa na budi kumkaribisha, naye akanawa, akakaa mkekani. Ugali wa muhogo ulikuwa ukifuka mvuke katikati yetu.

"Bismillahi," nikasema kwa sauti, asikie nyumba hii ni ya nani.

Ndipo Uwimana, aliyeshika yote niliyomfundisha, akainamisha kichwa kama wafanyavyo kwao kabla ya kula. Vidole vyake, bado vina maji, vikagusa paji la uso. Vikashuka kifuani.

Vikaganda hapo.

Tone la maji likamteremka puani, hakulifuta. Askari alikuwa ameshakata tonge, macho kwake.

Akalirudisha tonge sahanini, taratibu. Akagusa paji lake la uso, kifua, bega la kushoto, bega la kulia.

"Amina," akasema. "Kula, binti wa Ujiji. Wenzangu wananisubiri mlangoni."