Mjukuu wa Konstebo Wafula

Lorine alikuwa amekatazwa kumsugua Konstebo Wafula.

Vitu vingine vyote vya nyumba ile ya Riyadh vilikuwa vyake kusugua: sufuria, vigae, vyoo, hata magurudumu ya kigari cha mtoto. Lakini kile kipande cha fedha kilicholazwa juu ya pamba ndani ya kisanduku, chenye kichwa cha mfalme wa Uingereza, kisiguswe na sabuni wala limau. Ukikisugua umekiua, baba alisema. Weusi ule wa miaka ndio wenye thamani.

Baba ndivyo alivyomwita bosi wake. Wenzake hufuga ngamia. Yeye alikusanya nishani za polisi wa Waingereza, za Adeni, za Palestina, za Kenya, kisha akawatafuta waliovikwa. Waingereza walikuwa wakichora jina la askari kwenye ukingo wa nishani, herufi ndogo kama siafu. Hapo ndipo alipoanzia kila mara.

Siku moja alimwita Lorine, miwani ameipandisha kichwani, pasi ya kusafiria mkononi. Ilikuwa pasi ya Lorine. Hakuwa ameiona tangu siku aliyoshuka kwenye ndege.

"Hapa Wafula," alisema, akimwonyesha ukingo. "Na hapa kwako, Wafula. Huyu ni nani yako?"

Kwao Bungoma, mtoto wa kiume akizaliwa wakati wa mvua huitwa Wafula. Shuleni walijaa benchi nzima. Baba mzazi wa Lorine alizaliwa mvua ikinyesha, basi, hakuna zaidi. Alifungua mdomo aeleze hivyo, halafu akaitazama ile pasi.

Mkataba wake ulikuwa umekwisha tangu mwaka uliopita. Kila akiomba kurudi, madam alisema baada ya Ramadhani, baada ya Hija, baada ya harusi ya dada yake. Na mwanawe Emmah, aliyemwacha ananyonya, sasa alimwita nyanya "mama", na Lorine, kwenye simu, "auntie".

Nikisema ni wangu, huenda akanituma kwetu nikamletee picha zake, aliwaza.

"Ni babu yangu," alisema. "Ndiye aliyemzaa baba."

Bosi akamvutia kiti. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa ndani ya chumba kile.

Dalmas, dereva wa nyumba hiyo, Mkenya mwenzake, alicheka mpaka akalalia usukani. "Afande Lorine. Na huyo babu alikamata nani?"

"Nyamaza wewe."

"Wakijua je?"

"Watajuaje? Nani ataenda Bungoma kuuliza?"

"Haya. Siku tukienda sokoni Batha nitakufungulia mlango, watu wajue nimebeba mtu mkubwa."

Kwa wiki nyingi bosi aliuliza, naye akajibu. Alimtunga babu: mrefu, mpole, mguu mmoja una kasoro, chai hapendi sukari. Alimchota kutoka kwa mzee aliyelinda geti la shule yao.

"Picha zipo?"

"Zipo, baba, kwenye sanduku la nyanya. Lakini hatampa mtu mwingine. Mpaka mimi niende."

Bosi alitikisa kichwa kama mtu anayepiga hesabu.

Kisha akaja mgeni kutoka Jeddah, Daktari Sami, mganga wa meno na mkusanyaji mwenzake. Lorine alikuwa akimimina kahawa, akawasikia. Nishani peke yake ni chuma tu, daktari alisema. Yeye huchukua na filimbi ya askari, na mshipi, na kofia, na picha ya harusi. Hapati usingizi kama kitu cha mtu yule kimebaki nyumba nyingine.

"Na huyu Wafula ameacha nini?" aliuliza.

"Kuna picha huko kwao," bosi alijibu. "Na huyu hapa ni mjukuu wake."

Daktari aliweka kikombe chini, akasimama, akamwinamishia Lorine kichwa. Hakuna mtu aliyewahi kusimama kwa heshima ya Lorine.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Alipelekwa kupigwa picha mpya. Aliweka kidole kwenye karatasi za Kiarabu. Madam alimpa mtandio wa hariri, akalia kidogo.

"Halas, yamekwisha," bosi alisema. "Fungasha. Kesho unaondoka." Akamkabidhi kile kisanduku, pamba na vyote. "Ibebe wewe. Ni ya babu yako."

Lorine alimpigia mama yake simu. "Usimwambie Emmah. Nataka anione tu mlangoni."

Njiani kwenda uwanja wa ndege alimsomea Dalmas tiketi. "Imeandikwa Jeddah."

"Ndege nyingi za Nairobi hupitia huko. Hata mimi nilipita."

"Na pasi yangu?"

"Bosi amesema utaikuta Jeddah, kuna mtu. Wewe nenda, dada. Usianze kutafuta shida ukiwa mlangoni."

Ndani ya ndege alikiweka kisanduku mapajani. Alimwonea haya yule mzee asiyemjua, akamwahidi kimoyomoyo kwamba akifika atawatafuta watu wake wa kweli.

Daktari Sami alikuwa akimngoja, pasi mkononi. Lorine aliiona kutoka mbali, akaharakisha hatua.

"Ndege ya Nairobi ni saa ngapi, daktari?"

Daktari alimtazama kama hakulielewa swali. Alichukua kisanduku kwanza, akakifungua, akasoma ukingo, akakifunga. Kisha akaifungua pasi, akasoma jina, akamwangalia usoni, akaitia mfukoni mwa kanzu yake na kupiga simu Riyadh.

"Vimefika vyote viwili," alisema. "Havina mkwaruzo."