Kahawa ya Kutafuna

Benigna alisimama mlangoni kwa mama mkwe wake, kijijini Ngenge, amejifunika kitenge usoni. Ugonjwa wa magome ulimwacha hai, lakini shavu lake liligeuka gumu, lenye nyufa, kama shina la mti wa kahawa. Watu walisema ukigusa alichogusa mgonjwa, nawe unaota gome.

"Ingia, mwanangu. Utamtisha nani humu? Mimi mwenyewe kuku wananikimbia."

Akamletea kikapu cha kahawa ya kutafuna, kama aletewavyo mgeni yeyote. Benigna alichukua punje moja kwa ncha za vidole.

"Chota! Niliichemshia nani yote hii?"

Benigna akachota. Mama mkwe akatia mkono palepale, akatafuna taratibu huku akimtazama.

Benigna akakivua kitenge.

"Asante, mama. Naomba nyingine."